Binti Zetu na Chuo Kikuu cha Kabianga



Chai tunayoinywa asubuhi kwa mahamri na mbaazi huwa imesafiri mbali kabla ya kufika birikani. Huchumwa Kericho, Bomet na sehemu nyingine za nyanda za juu, hukatwa na kukaushwa katika viwanda vya huko huko, kisha huteremshwa hadi maghala ya Mombasa kungojea mnada. Mnada wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na leo umo miongoni mwa minada mikubwa kabisa ya chai duniani. Kwa hivyo ni nadra kuikuta nyumba ya Pwani isiyokuwa na kitu cha nyanda hizo jikoni mwake. Lakini ilipofika zamu ya nyumba yetu kumpeleka mtoto huko chai inakotoka, ndipo tulipoona jinsi tulivyoijua chai bila ya kuijua nchi yake.

Binti yangu wa pili alipofaulu mtihani wa kidato cha nne alipangiwa Chuo Kikuu cha Kabianga, kusomea ualimu wa hisabati na kemia. Ualimu aliuchagua mwenyewe, na habari ile ilimfurahisha. Wakubwa wake iliwatia wasiwasi. Mamangu, ambaye hajavuka Voi maishani mwake, aliuliza maswali mawili kwa pumzi moja: "Kabianga ndiko wapi? Na ndiko kwa nani?"

Swali la kwanza lilijibiwa na ramani siku ile ile. La pili lilituchukua wiki kadhaa. Na kwa kuwa najua maswali haya huulizwa katika nyumba nyingi kila majina ya waliopangiwa vyuo yanapotoka, nimeona niandike tuliyoyapata, huenda yakamfaa mzazi mwenzangu anayeyakabili sasa.

Kabianga imo katika Kaunti ya Kericho, si mbali na mji wa Kericho wenyewe, magharibi ya Bonde la Ufa. Kutoka Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 700: mtu hupanda kwanza hadi Nairobi, akateremka Bonde la Ufa, akapitia Nakuru, kisha akapanda tena hadi Kericho, mji ulio kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha huko karibu kila mwezi, aghalabu alasiri baada ya jua la asubuhi, na mara nyingine huanguka mvua ya mawe inayoyararua majani ya chai. Vilima vimevikwa chai hadi macho yanapokoma, na upande wa mashariki umetanda msitu wa Mau. Kusini yake ni Bomet, nayo ni nchi ya chai vilevile, na mwaka 2017 kilianzishwa huko chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kwa hivyo kijana anayepangiwa upande ule hapelekwi msituni, kama wazee wetu wanavyodhani. Anapelekwa katika nchi ya wakulima, yenye watu wengi, skuli nyingi na barabara zinazopitika.

Ami yake mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kupinga, na hoja yake haikuhusu umbali. "Kama ni chuo kikuu," alisema, "kiko Nairobi. Hicho ni chuo cha juzi. Mtoto aombe kuhamishwa, au asubiri." Ami ni mtu wa kusoma, na hoja yake ilistahili kujibiwa kwa kusoma. Basi nikaitafuta historia ya chuo hicho.

Mwanzo wake ni mwaka 1925, serikali ya kikoloni ilipoanzisha skuli kwa ajili ya Waafrika wa Kericho. Ni katika miaka ile ile ambapo kampuni za Uingereza, zikiwemo Brooke Bond na James Finlay, zilianza kupanda chai kwa wingi katika eneo hilo, na sehemu kubwa ya ardhi ya Wakipsigis, ambao ndio wenyeji, ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwao. Mwaka 1934 serikali iliuhamisha kwa nguvu ukoo mzima wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kimila wa Wakipsigis, ikaupeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Sisi wa Pwani, tunaojua maana ya kukaa juu ya ardhi ya mababu huku hati yake iko mkononi mwa mtu mwingine, hatuna haja ya kuelezwa uchungu wa jambo hilo. Wala si ajabu kwamba watu walionyang'anywa ardhi waliishikilia skuli kwa mikono miwili.

Mwaka 1959 skuli ilihamishwa ikawa jirani, na mahali pake pakafanywa kituo cha kuwafunza wakulima. Kwa karibu nusu karne wakulima waliingia hapo kujifunza kilimo na ufugaji. Mwaka 2007 kituo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2009 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki. Na mwezi Machi mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Ndiyo kusema hati ni ya juzi kweli, lakini kazi ya kufundisha mahali pale imepita vizazi vitatu.

Nilipoyapanga haya mbele ya ami, nilimwongezea jambo moja ambalo halikuwa mbali na macho yetu. Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi, nacho kilikuwa chuo cha kilimo. Nacho kikafanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kikapata hati yake mwanzoni mwa mwaka 2013. Kabianga na Pwani ni kama watoto wa mama mmoja waliolelewa katika nyumba mbili. Anayemwambia mtoto wa Kilifi kwamba Pwani ni chuo cha kweli hana njia ya kumwambia mtoto wa Kericho kwamba Kabianga si chuo.

Hata hao wakubwa tunaowatukuza walianza wadogo. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi. Kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963. Na ni mwaka 1970 tu ndipo kilipojitegemea. Egerton, huko Njoro, ilianza mwaka 1939 kama skuli ya kilimo iliyoasisiwa na mlowezi wa Kiingereza, wala haikuwa chuo kikuu mpaka mwaka 1987. Na Mombasa je? Wazee wetu wanaikumbuka MIOME, taasisi ya elimu ya Kiislamu iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati huo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Taasisi hiyo ndiyo iliyogeuka Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh al-Amin, alikuwa karani wa MIOME katika ujana wake, kwa sababu matokeo yake ya mtihani hayakumwezesha kuingia Makerere. Baadaye alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akarudi Makerere ile ile akiwa mwalimu, na mwaka 1965 akawa profesa wake. Hakuidharau ofisi ile ndogo aliyoanzia, na ofisi ile haikumzuia kufika alikofika.

Ami alisikiliza yote, akanywa chai yake, akasema, "Nimekuelewa." Hakusema kwamba amekubali.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi, nalo lilikuwa swali la mamangu: ndiko kwa nani? Kwa wazee wa Pwani, bara ni kwa watu. Mtu huenda huko kwa biashara au kwa kazi ya serikali, akarudi. Hakuna anayesema "kwetu" akiwa huko. Na fikira hiyo ina historia ya kweli nyuma yake, kwa maana wengi wetu wamekwenda katika taasisi za watu wengine wakatumiwa pasi na kumilikishwa chochote.

Kuna kisa ambacho nimekuwa nikikisimulia katika darasa langu la madrasa kwa sababu hii. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikuwa mwalimu wa Kurani. Mwaka 1900 alichukuliwa kwenda Berlin kufundisha Kiswahili, ili maofisa wa Kijerumani wajifunze lugha hiyo kabla ya kuja kututawala. Baadaye, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, alifundisha Hamburg, katika taasisi ya mambo ya makoloni iliyokuwa imeanzishwa huko mwaka 1908. Kutokana na taasisi hiyo na nyingine za mji ule, mwaka 1919 kilizaliwa Chuo Kikuu cha Hamburg, ambacho leo ni kimojawapo cha vyuo vikubwa vya umma vya Ujerumani, chenye wanafunzi makumi ya maelfu. Sehemu kubwa ya kitabu mashuhuri cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa mwaka 1903, ni kazi ya kalamu yake Mtoro, lakini kilitoka kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekikusanya. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Elimu alikuwa nayo, na baridi ya Ulaya aliivumilia. Ila chuo hakikuwa chake, na lugha yake mwenyewe iliwekwa kabatini mwa watu.

Nikamwambia mamangu: mjukuu wako haendi Kabianga kama Mtoro alivyokwenda Ujerumani. Chuo kile ni cha umma. Kimejengwa kwa kodi ya mkulima wa Bomet, ya mvuvi wa Shimoni, na ya kila anayenunua sukari na sabuni dukani. Jina la mjukuu wako limo katika daftari lao kwa haki yake, si kwa hisani ya mtu. Akiwa mwanafunzi ana kauli katika jumuiya ya wanafunzi. Akihitimu, jina litakaloandikwa kwenye shahada ni lake. Tukimzuia, nafasi haitabaki wazi ikitungojea. Atapewa mwingine, na sisi tutaendelea kusema kwamba bara ni kwa watu.

Mamangu alinyamaza muda, kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake tayari. "Haya. Na akifikwa na mauti huko, ni nani atakayemwosha?"

Wapo watakaoliona swali hilo kuwa la uchuro. Mimi nililiona kuwa ndilo swali lenyewe. Bibi wa Kiislamu hamwulizii mjukuu wake kitanda na chakula tu. Anataka kujua kama yuko kati ya watu watakaomjua siku ambayo yeye mwenyewe hataweza kusema yeye ni nani. Ramani haina jibu la swali hilo, wala historia haina. Ilibidi twende tukaone.

Tulikwenda watatu: mume wangu, binti yetu na mimi. Tulitumia siku ya kwanza katika mji wa Kericho, na jambo la kwanza tulilotafuta ni msikiti. Waislamu wapo huko tangu zamani, wenye asili mbalimbali, wengi wao watu wa biashara. Baada ya Swala ya Adhuhuri mume wangu alijitambulisha kwa wazee wa msikiti, nami nikakaa na wanawake. Niliwaeleza kwamba tunamleta mtoto na kwamba bibi yake ana swali. Nilipolitaja, hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja wa makamo alisema kwa utulivu kwamba yeye na wenzake watatu ndio wanaosimamia kazi hiyo kwa wanawake wa pale, akaichukua simu ya mwanangu, akaandika nambari yake humo, na akamwambia, "Na kabla ya hayo hayajafika, Ijumaa njoo tule pamoja." Nilimpigia mamangu pale pale, nikampa simu yule mama wazungumze wenyewe. Sijui waliambiana nini. Najua kwamba tangu siku ile mamangu hakuliuliza swali lake tena.

Siku ya pili tulikwenda Kabianga. Chumba tulikipata karibu na chuo, kwa bibi mmoja Mkipsigis ambaye majirani wote humwita Kogo, yaani nyanya, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alitukaribisha kwa mursik, yale maziwa ya kugandishwa katika kibuyu kilichopakwa masizi, na alipoona tunayatazama rangi yake ya kijivu alicheka, akanywa wa kwanza. Akauliza tumetoka wapi. Tuliposema Mombasa, akatuambia kwamba mjukuu wake yuko Kilifi, mwaka wa pili, na kwamba kila akipiga simu hulalamikia joto. Kisha akanitazama, akauliza, "Huko kwenu, wanamwangalia?"

Swali lake lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa lile lile la mamangu, limegeuzwa uso. Sisi tumeshughulika kujua watoto wetu watapokewa vipi bara, na ni mara ngapi tumejiuliza jinsi tunavyowapokea watoto wa bara wanaokuja Kilifi na Tudor? Wapangaji wao ni sisi. Wauza chakula wao ni sisi. Kijana wa Kericho anayetembea peke yake mtaani kwetu, asiyejua kuomba maji kwa lafudhi yetu, naye ana nyanya anayekesha. Niliporudi nyumbani nilimpigia shangazi yangu aliyeko Kilifi, nikampa nambari ya kijana yule. Siku ya Idi alimwita kula pilau, na Kogo alinipigia simu mwenyewe kunishukuru, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kikipsigis.

Nisiache kulisema suala la fedha, maana ndilo linalowafungia mlango watoto wengi zaidi kuliko umbali. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 unaigawa gharama ya masomo mafungu matatu: ruzuku ya serikali isiyorejeshwa, mkopo, na mchango wa familia. Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, nao una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Nimewafundisha watoto wa watu aya za riba kwa miaka 15. Mume wangu ni karani wa mshahara wa kawaida. Tulikaa usiku mzima na kalamu na karatasi. Ruzuku tuliipokea, mkopo hatukuuchukua, na pengo lililobaki lilikuwa kubwa.

Tuliliziba hivi. Niliuza bangili zangu mbili za dhahabu kati ya nne nilizopewa siku ya harusi. Kikundi chetu cha akina mama wa mtaani, ambacho hukusanya fedha kila mwezi kwa ajili ya shughuli za harusi na misiba, kilinipa kardhi hasana ya muhula mmoja, nirudishe kidogo kidogo bila ya ziada. Na nauli ya safari ya kwanza ya mwanangu ilitolewa na ami yake, yule aliyesema chuo kiko Nairobi. Aliileta ndani ya bahasha, akaiweka juu ya meza, akaanza kuzungumzia habari nyingine.

Simhukumu mzazi aliyechukua mkopo. Ninawajua waliowauliza masheikh wao, wakazingatia dharura yao, wakaamua wanavyoamua, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Ninachokisema ni kwamba jamii inayokusanya mamilioni kwa harusi ya siku tatu haishindwi kuwa na mfuko wa kardhi hasana kwa masomo ya miaka minne. Kikundi chetu kimekwisha kutenga sehemu ya mchango wa kila mwezi kwa jambo hilo. Mwaka jana tuliwasaidia wasichana wawili, mmoja wao akiwa amepangiwa Bomet.

Mwanangu sasa yuko mwaka wa tatu. Baridi ilimtesa muhula wa kwanza, na sweta alilochukua Mombasa halikufaa kitu. Aliyetaka kujua akumbuke hilo kabla ya kufunga sanduku. Hujipikia mwenyewe, na nyama huinunua mjini kwa mchinjaji Mwislamu anapokwenda Swala ya Ijumaa. Mwanzoni baadhi ya wenzake walimuuliza kuhusu vazi lake, kwa udadisi zaidi kuliko ubaya, naye akawajibu. Sasa hawaulizi, humwomba tu awaeleze hesabu. Jua huchelewa kutua kule kuliko kwetu. Adhana ya Magharibi ikitoka Mombasa, Kericho hubaki robo saa na zaidi kidogo, na yeye ameifanya desturi kunipigia simu katika dakika hizo, nikiwa nimekwisha kuswali naye akingojea wakati wake.

Muhula uliopita alipelekwa katika skuli moja ya sekondari ya Bomet kwa mazoezi ya kufundisha. Darasa lake lilikuwa la wasichana, wengi wao watoto wa wachuma chai, wanaoamka na mama zao alfajiri na kufika skuli viatu vimelowa umande. Aliniambia kwamba wapo kati yao wenye akili ya hisabati kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa katika umri wao, na kwamba mmoja alimuuliza kama kweli msichana anaweza kuondoka kwao, akaenda mbali hivyo, na baba asikasirike. Alimjibu kwamba baba yake alikuja naye.

Mamangu akiulizwa na majirani mjukuu wake yuko wapi, husema, "Yuko chuoni, Kabianga." Wakimuuliza Kabianga ni wapi, huwaeleza kwa kirefu kuliko walivyotaka: mvua, baridi, chai, Kogo na kibuyu chake, na mama wa msikitini ambaye hajamwona kwa macho lakini humsalimia kwa simu kila Ijumaa.

Kwa mzazi ambaye jina la binti yake litatoka safari hii likiwa limeandikwa Kabianga, au Bomet, au chuo kingine ambacho nyumba yenu haijapata kukisikia, nasihi yangu ni hii. Usikatae kwa sababu ya jina, wala usikubali kwa sababu ya jina. Uliza kozi anayopewa inampeleka wapi. Fanya hesabu ya fedha mapema, kwa uwazi, na jamaa wakiwapo. Nenda mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini, akaone chumba atakacholala na njia atakayopita jioni. Tafuta Waislamu wa mahali pale kabla hujatafuta duka. Msikilize bibi yake, kwa kuwa huenda swali lake ndilo zito kuliko yote. Kisha msikilize binti mwenyewe, kwani yeye ndiye atakayeamka alfajiri kule kwenye baridi akatawadha kwa maji ya mvua.

Na kwa sisi tunaobaki hapa, mlango wa jirani huenda una mwanafunzi aliyetoka bara. Tumwulize amekula nini.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waendako, awape elimu yenye manufaa, na awarudishe salama. Wabillahi tawfiq.